Mikono Nyuma ya Mgongo

Nuriati mwanangu,

Mama yako ameshakwambia habari za chandarua, dawa za malaria, na jinsi ya kuifunga ile ndoo ya achari isije ikamwagikia nguo za watu ndani ya boti. Hayo nayaruka. Nimeanza kuandika baada ya sala ya Laasiri, nyinyi mko jikoni mnagombana kuhusu sanduku, na nikimaliza nitaitia barua hii chini ya viatu vyako vipya. Usiisome hapa Mutsamudu. Isome ukishafika Ngazidja, kwa Bi Eshata.

Ninakuandikia kwa Kiswahili nilichokuja nacho kutoka Unguja nikiwa kijana, kile nilichokufundisha wewe na kaka yako mpaka mama yenu akawa analalamika kwamba tunamsengenya mbele ya macho yake. Safari hii ana haki ya kulalamika. Yeye hasomi Kiswahili, na humu mna jambo ambalo bado halijui.

Jana asubuhi nilipita mlangoni kwako. Pazia lilikuwa limeachia kidogo. Ulikuwa mbele ya kioo cha kabati ukijizoeza maneno utakayowaambia watu wa ghala huko Moroni siku ya kwanza. Maneno yalikuwa mazuri, sauti haikupanda wala haikuzama, nikajisemea moyoni kwamba huyu kweli amekwenda shule. Kisha ukanyoosha mgongo, ukainua kidevu, ukapeleka mikono yote miwili nyuma, wa kulia umekishika kifundo cha wa kushoto. Nilirudi jikoni nikaangusha kikombe cha chai. Mama yako akaniuliza nina nini, nikasema ni bega.

Haikuwa bega. Namna ile ya kusimama ni yangu. Sikukufundisha kwa mdomo, lakini mtoto huona. Kaka yako naye aliona.

Nikueleze niliipata wapi. Nilipofanywa mnyapara wa makuli bandarini nilikuwa mfupi kuliko wote, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mwanamwali. Watu walinicheka waziwazi. Alikuwepo Mfaransa mmoja aliyesimamia meli, mtu mkavu, hakuwahi kupiga kelele hata siku moja. Alikuwa akisimama ukingoni mwa gati, mikono nyuma, anatazama juu ya vichwa vya watu kama anayesubiri mvua, na wanaume wenye misuli walikimbia bila kuambiwa. Nikaiba. Nilijizoeza uani, mama yako akidhani naumwa kiuno. Baada ya mwezi mmoja makuli waliacha kucheka. Baada ya mwaka waliacha hata kuzungumza nikipita.

Ile ya Mfaransa nikaitia na chumvi ya kwetu. Unajua jinsi tunavyosalimiana: mdogo anakutanisha viganja viwili, anavitanguliza, anasema "kwezi", na mkubwa anaweka mkono wake juu na kuitikia "mbona". Basi mimi, kijana akisahau, au akinipa kiganja kimoja kwa haraka, nilikuwa naipeleka mikono yangu nyuma na kumtazama juu ya kichwa. Hata akikumbuka baadaye akaleta viganja vyake, havikuti mkono wa kuviwekea. Nilimfanyia hivyo Humadi, yule mwenye kovu la nyusi, mbele ya watoto wake waliokuwa wamemletea chakula. Nilimwacha na viganja vyake hewani, mvua inanyesha, mpaka machozi yakamtoka mtu mzima yule. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikala vizuri. Hayo ndiyo mambo niliyoyaita uongozi.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Siku askari wa Moroni walipoteremka kisiwani kwetu kuja kuwakomesha waliotaka kisiwa kijitenge, wewe ulikuwa Antananarivo na vitabu vyako. Tulisikia bunduki tangu alfajiri. Vijana wa mji wetu walikuwa wameziba vichochoro kwa mawe na milango ya watu, wengine wana panga, wengine bunduki walizozitoa sijui wapi. Jirani yetu mshona kofia alikuwa amelala kifudifudi mbele ya duka lake, damu yake inafuata mfereji wa katikati ya kichochoro kama maji ya kufulia, na watu wanairuka ili wapite. Mama yako alisimama mlangoni akasema hatoki mtu. Nami nikasema ghala la mchele lina mlinzi mmoja tu, na mimi nikisimama langoni hakuna atakayethubutu. Nilisema hivyo. Nilidhani kisiwa kizima kilikuwa kinaniogopa.

Kaka yako Nasuri alikuwa amekaa ngazini anavaa viatu polepole, hataki kwenda. Nikamwambia mtu wa kazi huonekana kazini. Akanifuata.

Kule langoni tulikuta makuli kama kumi, Humadi akiwemo, wamejibanza ukutani. Walituona wakapata moyo, na mimi nikauona moyo wao nikavimba kichwa. Askari walipokuja walikuwa sita au saba. Aliyetangulia alikuwa kijana kabisa, kofia ya chuma imemzidi, midomo imekauka, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitaka funguo. Alisema kwa Kingazidja, lugha ya kwao Moroni, kisha akarudia kwa Kifaransa, kwamba wote tuonyeshe mikono.

Nilimwelewa. Usije ukamsikia mtu anasema sikumwelewa. Lakini alikuwa sawa na wewe kwa umri, na hakunisalimu. Nikaipeleka mikono nyuma, na funguo humohumo, nikatazama juu ya kofia yake.

"Nisalimu kwanza," nikamwambia. "Mimi ni sawa na baba yako."

Nasuri alikuwa hatua moja nyuma yangu, upande wa kushoto. Sikugeuka kumtazama, lakini niliziona nyuso za makuli zikimtazama yeye, nikajua amefanya kama mimi. Nikaona fahari. Namshukuru Mungu kwa mengi, lakini ile fahari naomba aiondoe kichwani mwangu kabla sijafa.

Risasi moja ikalia upande wa ngome, mbali, haikutulenga sisi. Yule kijana akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akageuka, na jicho lake likanipita mimi mzee likamwangukia kijana mwenzake aliyenyoosha shingo na kuficha mikono. Akapiga. Ya kwanza ilimpata Nasuri shingoni, ya pili ikapasua taya. Nilisikia meno yake yakigonga bati la lango, nikageuza kichwa. Mikono yake ikaja mbele ikitafuta shingo, na katika ule wa kulia kulikuwa na chaki ya kuhesabia magunia. Damu ilitoka kati ya vidole kwa mafungu, kila fungu dogo kuliko lililotangulia. Aliniangalia. Sitakudanganya kwamba alisema neno.

Na mimi, Nuriati, mikono yangu bado ilikuwa nyuma. Mwanangu alianguka kando yangu na sikumdaka. Alipofika chini, kichwa chake kikalipiga jiwe la kizingiti, nilikuwa bado nimesimama kama mnyapara. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonizuia, na jibu ni kwamba nilikuwa nimeuzoesha mwili wangu usitikisike mbele ya watu, ukazoea.

Yule kijana alichuchumaa, akakiokota kile kipande cha chaki, akawa anasema "ni chaki", "ni chaki", mpaka mwenzake akampiga kofi. Huyo mwenzake ndiye aliyenigeukia. Kitako cha bunduki begani mpaka mfupa ukalia, kisha mbavuni, kisha usoni. Nilipigwa chini, karibu na mguu wa Nasuri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani mtu asiache kunipiga. Funguo wakazitoa mkononi mwangu kidole baada ya kidole.

Mama yako nilimwambia kwamba tulikuwa tunakimbia kurudi nyumbani na risasi iliyopotea ikampata kichochoroni. Wewe nilikuandikia hivyohivyo. Makuli kumi waliona, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha, si msibani, si bandarini, si popote. Humadi ndiye aliyemwosha. Aliifunga ile taya kwa kitambaa safi, taratibu, mpaka uso ukawa uso tena, ili mama yako aweze kuutazama. Alipomaliza akaniletea viganja vyake viwili vingali na maji, akasema, "Mungu akupe subira, mkuu." Ningependa angenitemea mate.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa nyuma ya ule ukimya niliokuwa naujivunia. Kwa miaka nilidhani wananyamaza kwa heshima. Walikuwa wamezoea tu kwamba mbele yangu ukweli hausemwi, na siku nilipouhitaji ukweli kuliko maji, hakuwepo wa kunipa. Wewe unakwenda kusimamia watu. Wakianza kunyamaza ukiingia, usifurahi haraka.

Uliporudi kutoka Madagaska ukanikuta najitayarisha kwenda Moroni kutibiwa bega. Ulinifulia shati, unakumbuka? Ndani ya lile shati nilifunga kisu cha kuchinjia mbuzi. Nilikuwa nimesikia kwamba yule askari amerudi kwao. Sikuwa na jina lake, nilikuwa na uso wake tu. Wiki tatu nilizunguka Moroni nikitazama nyuso za vijana wa watu, kituo cha mabasi, misikitini, sokoni Volo Volo, mkono wangu mmoja umelegea na mwingine uko tumboni juu ya mpini. Nilimtafuta nimchinje. Naliandika neno lenyewe ili usije ukadhani baba yako alikuwa mtu wa huzuni tu.

Kisha ikaja habari kwamba wakubwa wa kisiwa chetu wamekataa kutia saini mapatano ya kurudisha umoja wa visiwa, na mji wa Moroni ukawaka. Vijana walitoka kutusaka sisi Wanzuani. Nilikuwa Volo Volo nilipoona wanamteremsha mtu kwenye basi dogo kwa kumvuta miguu, kichwa kinagonga kila ngazi. Alikuwa muuza vitunguu wa kwetu. Walimpiga kwa nondo mpaka mkono wake ukawa na kiwiko cha pili, wakamwaga vitunguu vyake juu yake, na watu wengine wakaviokota. Nami nikafanya nini? Nikasimama katikati ya njia, mgongo wima, kidevu juu. Mazoea ni ugonjwa.

Mwanamke mmoja muuza vitambaa akanivuta shati kwa nyuma. Bibi mdogo wa umbo, uso umepakwa liwa, anakunja leso. Akaniambia niketi. Nikamjibu kwamba mimi siketi chini.

"Basi watakulaza," akasema.

Nikaketi nyuma ya marobota. Huyo ndiye Bi Eshata. Hujawahi kusikia kisa chake zaidi ya kwamba alinisitiri na kuniuguza bega. Wakaja vijana watatu. Wa mbele ana nondo ndefu, na ncha yake ina damu na nywele; wa nyuma wana panga. Wakamwuliza ni nani yule nyuma yake.

Bi Eshata hakusimama. Hakuinua kidevu wala sauti. Alimaliza kuikunja ile leso, akailaza juu ya nyingine, akalinganisha pembe zake. Kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele ya yule kijana, kiganja chini, akauacha hewani.

"Kwezi yangu iko wapi?" akamwuliza.

Ule mkono ulikaa pale. Nilikuwa nauona kutoka nyuma, bangili mbili za fedha na mshipa mmoja unapiga, kwa hiyo najua aliogopa. Lakini haukushuka. Yule kijana alitazama kulia, akatazama kushoto. Unajua kwamba salamu yetu ina viganja viwili, na viganja viwili vyenye kitu si salamu. Alijaribu kuibana ile nondo kwapani, ikateleza. Akajaribu kuiegemeza mguuni, ikaanguka kwa kishindo. Mwishowe akaiacha chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaileta.

"Kwezi, Bi."

"Mbona."

Na hakumwachia. Alimshika akamwuliza ni mtoto wa nani, akamtaja nyanya yake, akamwuliza habari za mguu wa nyanya. Wale wawili nyuma ikabidi wasubiri zamu, na huwezi kungoja zamu ya kwezi umeshika panga. Alipomaliza kuwasalimu wote alisema kwamba mimi ni ndugu yake kutoka Mvouni, mgonjwa, na kwamba marobota yamemzidi nguvu. Wakayabeba. Nilitoka Volo Volo katikati ya watu waliokuja kuniua, wamenizunguka kila upande, wamebeba vitambaa mpaka kwenye teksi, na hakuna aliyetugusa.

Muuza vitunguu alikufa. Sitaki uisome hii ukadhani mkono wa bibi mmoja unazima moto wa mji. Ulizima wa hatua tatu mbele yake, basi.

Tulipofika nyumbani kwake Mvouni aliweka maji ya kunawa, akaketi mkekani, na kabla sijasema asante akaunyoosha ule mkono kwangu. Kiganja chini, vilevile. Alikuwa amenizidi umri miaka kumi na tano. Sikuwa nimempa mtu kwezi tangu mama yangu afariki. Nikamletea kiganja cha kushoto, cha bega bovu. Akasema, "Yote miwili, kijana." Alikuwa ameuona ule mwingine tangu sokoni, haukutoka tumboni hata nilipopanda teksi. Nikakitoa kisu nikakiweka mkekani. Nikaikutanisha mikono. Na hapo ndipo nilipomlilia Nasuri, mwaka mzima na zaidi baada ya kumzika, juu ya mkono wa mama wa Kingazidja nisiyemjua.

Hakunihubiria. Alinipa muhogo na samaki. Kisu kile kiko jikoni kwake mpaka leo, utakiona, anamenyea muhogo. Ulipouliza kwa nini nasisitiza ukakae kwake na si kwa ndugu zetu wa mjini, nilikujibu kwamba hewa ya Mvouni ni nzuri. Sababu ndiyo hiyo.

Sasa Jumatatu utaingia ghalani, mwanamke, Mnzuani, bosi. Ngazidja ina mambo yake. Mtu unayemwagiza abebe gunia huenda amekwishafanya harusi kubwa ya ada, ile inayompa mtu cheo mjini kwake, na Ijumaa katika uwanja wa mji wake anaketi mahali ambapo waziri asiyefanya ada haketi. Wapo watakaokuletea kiganja kimoja. Wapo ambao hawataleta hata hicho, na watu wote watakuwa wanakutazama utafanya nini na mikono yako. Mimi sijui utafanya nini. Najua tu nilichokiona: Bi Eshata aliudai ukubwa wake kwa mkono uliotangulia, ambao ungeweza kukatwa, na mimi niliudai wangu kwa mikono iliyojificha, akakatwa mwingine. Wale waliokuzidi umri, nadhani wape kwezi wewe mlangoni, kisha uwape amri ya kazi. Heshima si utumwa. Mgongo wako uache wima, ni mgongo mzuri, umeurithi kwa mama yako na si kwangu. Lakini mikono ilete mbele, mwanangu. Watu waione.

Nikishakusindikiza nitarudi nyumbani nimkalishe mama yako nimweleze, kwa lugha yake, kabla hujafika Moroni. Hatanisamehe upesi, na sitamharakisha. Humadi amekubali kuja kukaa nami wakati nikisema. Nilikwenda kwake juzi, nikampa viganja vyangu mbele ya wanawe, ambao sasa wana ndevu. Alichelewa kuviitikia. Alikuwa na haki ya kuchelewa.

Kesho gatini utaniletea mikono yako kama ulivyozoea. Utakuta yangu imetangulia, viganja viwili, baba kwa mwanawe, mbele ya makuli wote, na utashangaa. Utadhani nimezeeka vibaya. Weka tu mkono wako juu, upande boti. Ukishaisoma barua hii, kama utaona kwamba ungejua usingeuweka, niandikie useme hivyo. Nitakupa tena siku utakayorudi, na nitangoja vikiwa hewani kadiri utakavyotaka.

Baba yako